Kubadilisha Jiko

Kompyuta ile waliiita Jiko, na haikuonewa. Ukiiwasha, kabla mchezo haujafunguka vizuri ubavu wake ulikuwa umeshapata moto, na feni zake zikianza kunguruma, aliyekuwa chumbani alilazimika kupandisha sauti kama yuko mashineni. Msimu wa baridi mke wa nyumba hiyo alikuwa akiiegemezea miguu yake, anasema angalau chombo hicho kina faida moja ya uhakika. Jina hilo walilijua watu watatu tu duniani: mume, mke, na fundi kompyuta wa kule kona. Laiti wangelijua wanne, hadithi hii isingekuwepo.

Mume alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa imeshikana na nyumba, mlango mmoja ukitokea barabarani na mwingine ukiingia sebuleni, na huo wa sebuleni haukuwahi kufungwa kwa sababu alipenda kusikia nyumba yake inafanya nini. Humo aliyavua makochi vitambaa vilivyochakaa, akachomoa sponji zilizolala, akakaza springi, akayavisha upya. Kazi yake aliijua. Na alikuwa na sharti moja ambalo wateja wote walilikariri: bei haitajwi mpaka kochi lifunguliwe. Hata uje na kochi jipya lenye tundu dogo la sigara, atakwambia kaa kwanza, tulifungue, tuone ndani kuna nini.

Mke alikuwa mkunga hospitalini. Mwanamke wa maneno machache na mikono ya haraka.

Jiko lenyewe lilikuwa la kijana wao, mtoto wao wa pekee, aliyeliunga kipande kwa kipande enzi za masomo. Alipopata kazi mbali aliliacha. "Liuzeni tu," alisema, tena kwa moyo mweupe. Hawakuliuza. Nyumba ilikuwa imepoa mno, saa ya ukutani ya sebuleni ilisikika mpaka jikoni, na fundi kwa majuma kadhaa alikuwa mtu wa kushika mkasi na kuuweka chini. Siku moja akaingia chumba cha kijana akabonyeza kitufe, basi tu, asikie ile kelele aliyokuwa akiilalamikia. Mke wake akaja kusimama mlangoni. Ndivyo walivyoanza.

Mchezo walioukuta humo ulikuwa wa malori. Mnapakia mzigo mji mmoja, mnaupeleka mji mwingine, mnapita milima, madaraja na vijia vya kutisha, kila mtu na lori lake, skrini imegawanywa katikati. Mkunga akageuka kuwa dereva wa kuogopwa. Alikata kona kwa kasi ambayo ingemtoa kazini. Fundi naye, mtu aliyeweza kukata kitambaa cha maua bila ua moja kupishana na jingine, alikuwa anaipita njia panda yenye kibao kikubwa kama mlango na kwenda kuingia shambani. Kwa hiyo utaratibu ukawa kwamba mke yuko mbele na mume anafuata. Akiona mumewe haonekani, mke alisimama pembeni akagusa breki mara mbili, taa nyekundu zikawaka na kuzima, zikawaka na kuzima, maana yake nipo hapa, njoo. Fundi akampa mkewe jina la Dereva. Naye mke akamwita mumewe Utingo, yule msaidizi wa lori anayeshuka kuweka mawe kwenye matairi, ingawa mwenzake alikuwa na lori lake zima. Utingo alikipenda cheo hicho kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Akatengeneza na kiti. Kiti cha watu wawili, cha vitambaa vilivyobaki kwa wateja, upande mmoja kijani na upande mwingine mistari. Kila jioni Dereva akitoka kazini mapema, wanakaa hapo, mzigo unasafiri.

Sasa kiti kile kilikuwa kinakaliwa upande mmoja.

Ilianza kidogo kidogo. Dereva alisema amechoka, na kweli alikuwa amechoka. Siku nyingine akasema Jiko linachemka mno, liache lipumzike. Halafu akawa hasemi kitu, anapita tu na ndoo yake ya nguo. Fundi aliona, naye hakuwa mtu wa kuuliza. Alitaka kitu kimoja tu, mke wake arudi akae upande wa mistari, na akajiaminisha kwamba kinachomfukuza ni Jiko. Si uongo, Jiko lilikuwa limezidi vituko. Picha ilikuwa inaganda katikati ya daraja, ikija kuamka lori liko mtoni. Mara nyingine lilizima lenyewe mzigo ukiwa umebaki kilomita chache, na hapo hata malaika angeinuka aende zake. Juu ya hayo, toleo jipya la mchezo lilikuwa limetoka, lenye mvua inayotiririka kwenye kioo na ukungu mlimani. Fundi aliliona kwenye simu akameza mate. Dereva akiiona mvua ile, alijisemea, atarudi mwenyewe.

Akaenda kwa Skrubu.

Skrubu ndiye yule fundi kompyuta wa kona, jina alilipata kwa tabia ya kuongea huku ameshika skrubu kati ya meno, na hajawahi kuimeza, jambo linalowashangaza wengi.

"Kinachokuangusha ni kadi ya picha," alisema Skrubu. "Weka mpya."

"Basi weka."

"Ngoja. Mpya inakula umeme. Pawa saplai yako haitaiweza."

"Basi na hiyo weka."

"Ngoja kwanza, usiwe na pupa. Ukiweka kadi kali kwenye prosesa yako hii ya zamani, kadi itakuwa inamaliza kazi yake inakaa kumsubiri mwenzake. Hutaona tofauti. Ubadilishe na prosesa. Na prosesa za sasa hazikai kwenye mazabodi yako, ule ubao mkuu wa ndani. Na mazabodi za sasa hazitumii kumbukumbu hizi za kwako."

"Kumbukumbu ndiyo nini?"

"Ramu. Vile vibao vinavyosimama wima. Unavyo viwili."

Fundi akakuna kichwa. "Kwa hiyo katika Jiko langu kitakachobaki ni nini?"

Skrubu akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Keisi," akasema. "Ila kadi yenyewe ni ndefu, sijui kama itaingia."

Fundi alicheka, maana wimbo huo aliujua. Yeye mwenyewe aliwaimbia watu miaka nenda rudi: umekuja na mkono wa kochi uliochanika, unaondoka umeambiwa utupe fremu.

"Lakini umelifungua ukaona ndani?" Skrubu akauliza. "Mimi naongea tu kwa unavyonieleza."

"Sijalifungua. La mtoto lile, naogopa kuharibu."

"Lilete basi."

Hakulipeleka. Alitaka iwe ghafla, mke aingie akute chombo kipya, na Jiko kama lingepitishwa sebuleni kila mtu angejua. Skrubu alikuwa na mashine moja tayari imeshaungwa, nyeusi, nyembamba, ikifanya kazi husikii hata pumzi. Fundi aliitazama mpaka Skrubu akamkumbusha kwamba duka linafungwa.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amefika. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na binti yake alikuwa amemfanyia mpango hospitalini. Jicho moja lilikuwa limeshafanyiwa upasuaji, limefungwa bandeji, jingine linasubiri zamu yake na kwa sasa lilimwonesha watu kama moshi. Alikaa barazani na chai yake. Lakini masikio! Mama huyu alisikia kopo likianguka kwa jirani wa tatu akakwambia ni la unga au la sukari. Na baraza na dirisha la karakana vilikuwa ukuta mmoja.

Alasiri moja, Dereva akiwa kazini, fundi alikuwa amepiga magoti kwenye kochi la mteja, simu ameibana kwa bega.

"Skrubu, nimeamua," alisema. "Nabadilisha jiko."

Barazani kikombe kikasimama njiani.

"Lote. Nimelivumilia vya kutosha, ndugu yangu. Siku hizi likichemka kidogo tu linazima, ndiyo basi tena, mpaka kesho... Aa, kulirekebisha wapi! Limeshazeeka hilo, nitakuwa najidanganya... Lile nililoliona kwako juzi. Ndiyo, lile jeusi, jembamba, limetulia, halina kelele. Tangu nilione silali... Hapana, hapana, nyumbani wasijue kwanza. Nitaliingiza siku akiwa zamu ya usiku... La zamani? Si ulisema kuna kijana analitaka? Mwambie aje alichukue hivyo hivyo lilivyo."

Sasa, msomaji, jiko la kupikia la nyumba ile lilikuwa jipya, la gesi, na mama mkwe ndiye aliyechemshia chai yake hapo mchana huo huo. Halikuzima, halikupiga kelele. Basi likabaki jiko la aina moja tu, lile mwanamume analolipata siku anapooa. Mama akaweka kikombe chini. Chai ikapoa hapo hapo.

Jioni fundi alijipangusa nyuzi akatoka barazani kumwangalia mkwe wake.

"Shikamoo mama. Jicho linaendeleaje?"

"Marahaba. Jicho linaona yanayotakiwa kuonwa," alijibu mama, na kwa kuwa mkwe ni mkwe, hakumrukia. Alijikaza. "Keti, mwanangu. Hilo jiko lako, limekukosea nini?"

Fundi akashtuka, kisha moyo ukamlainika. Kumbe Dereva amemsimulia mama yake kuhusu Jiko! Basi bado analiwaza.

"Halijanikosea, mama. Ni uchakavu tu."

"Uchakavu!"

"Kila kitu kina muda wake. Limetumika sana. Tena na mimi si wa kwanza, mama, nalo nililikuta lina mwenyewe."

Mama mkwe akajishika kifua. "Unasema nini?"

"Si neno baya, mama, ndiyo ukweli. Na huyo aliyenitangulia alikuwa halipumzishi, usiku kucha yuko nalo."

Hapo geti likalia. Dereva akaingia na mfuko wa sare begani, viatu vya kazi mkononi, na mama yake akainuka kwa kupapasa ukuta, uvumilivu wote umemwagika.

"Mwanangu, usiingie ndani! Bora umekuja. Huyu mumeo hata hujaondoka, ameshapata jiko jingine! Jeusi, jembamba, halina kelele! Anakuja kuliingiza humu humu ukiwa zamu! Na wewe kuna kijana anakuja kukuchukua hivyo hivyo ulivyo!"

Dereva akamtazama mama yake, akamtazama mume wake aliyebaki mdomo wazi na uzi mwekundu sikioni. Ikamchukua muda kidogo. Halafu viatu vikamtoka mkononi. Alicheka akashika nguzo, akacheka akachuchumaa, akawa anasema, "Mama, kompyuta. Jiko ni kompyuta, mama," na kila akisema kompyuta kicheko kinaanza upya. Mama alisimama pale hajui akasirike au aombe radhi, akachagua kukasirika kidogo.

Fundi hakucheka. Neno moja lilikuwa limemkwama.

"Hujaondoka," alisema. "Mama amesema hata hujaondoka. Unakwenda wapi?"

Kicheko kikakatika. Mama mkwe akasema taratibu, "Ulinambia umeshamweleza."

"Nilisema nitamweleza, mama."

Akamweleza hapo hapo barazani, amekaa kwenye ngazi, macho chini. Kulikuwa na zahanati mpya wilaya nyingine, mbali, siku nzima ya safari. Walitaka mkunga wa kuisimamia. Hakupangiwa na mtu, aliomba mwenyewe. Alikuwa ameitamani nafasi ya namna hiyo tangu hajawa na mvi. Akapata, na tarehe ya kuripoti ilikuwa inakaribia.

"Na hukuniambia."

"Nilikuona mtoto alipoondoka," alisema Dereva. "Ulikuwa unashika mkasi unauweka chini. Sikutaka kukuona tena hivyo."

"Ndiyo maana umeacha kucheza."

"Nilikuwa najizoesha kukaa bila. Na wewe nikuzoeshe."

Damu ikamchemka fundi. Hakuwa mtu wa hasira, na hasira ya mtu wa hivyo haina adabu ikija. "Kunizoesha? Mimi ni mtoto wa kuachishwa ziwa? Unanipakia shubiri halafu unasubiri nilie ninyamaze?" Akaingia karakana, akafunga ule mlango wa sebuleni ambao haukuwahi kufungwa, na wanawake wawili barazani wakasikia kitambaa cha kochi la mtu kikichanwa toka mwanzo mpaka mwisho.

Asubuhi alikuwa ameshapoa lakini bado anauma. Dereva hakuwa na kazi siku hiyo. Alikuwa nyuma anafua, na walikuwa wamesalimiana kama wapangaji. Fundi alitaka mikono yake iwe na shughuli isiyo kochi, kwa hiyo akaenda chumbani akalichomoa Jiko, akalibeba mpaka karakana, akaliweka juu ya meza ya kukatia, akachukua bisibisi. Potelea mbali, alijisemea. Si linaondoka? Hebu tulifungue, tuone ndani kuna nini.

Ubavu ulipotoka, alikaa chini.

Ndani kulikuwa na kochi. Vumbi la sponji lilikuwa limejaa kila pembe, la manjano na la kijivu, limeshindiliwa mpaka limeshika umbo. Feni zilikuwa zimejiviringishia nyuzi kama vibiringi vya cherehani. Alivuta uzi mmoja akautambua, wa kochi la daktari wa meno. Akavuta wa pili, wa mistari, wa kile kiti cha watu wawili. Yote yalikuwa yake, kazi ya mikono yake, yamepita mlango ule aliouacha wazi ili asikie nyumba yake inafanya nini. Maskini Jiko lilikuwa linavishwa polepole mpaka likakosa hewa, na yeye anazunguka kulitangaza kwamba limezeeka.

Alimpigia Skrubu. Skrubu alicheka mpaka, kwa sauti iliyosikika, nusura skrubu imwende kooni. "Una kompresa, ile pampu ya hewa ya bunduki yako ya pini?" akauliza. "Ipulizie. Lakini zishike feni zisizunguke." Fundi alipuliza. Karakana ikageuka ukungu, ule ukungu wa mlimani hasa aliokuwa anautaka, na Dereva akaja mbio akidhani kuna moto. Alimkuta mumewe amefanana na mtu aliyezama kwenye gunia la unga.

"Lilikuwa limebanwa tu," fundi alimwambia. "Miaka yote hii. Sikulifungua."

Walilirudisha chumbani pamoja. Lilipowashwa walidhani halijawaka. Dereva akainama kuweka sikio, akagusa ubavu, akasema, "Miguu yangu sasa nitaiweka wapi?" Akakaa kwenye kiti, upande wa mistari. Hakukuwa na mchezo, walikaa tu, skrini inawatazama.

"Ulipaswa uniambie," alisema fundi.

"Ungesema nini?"

"Ningesema usiende."

"Unaona sasa?"

"Halafu kesho yake ningesema nenda. Hiyo kesho yake ndiyo uliyoninyima."

Dereva alimtoa uzi sikioni, ule mwekundu, ambao ulikuwa umelala hapo tangu jana. Alikuwa analia bila kelele, kwa namna ya watu waliozoea kulia kazini.

"Nenda," alisema fundi. "Hiyo kesho yake ndiyo leo."

Mchana walikwenda kwa Skrubu wote wawili. Ile mashine nyeusi nyembamba ilikuwa bado pale, imetulia, na fundi aliisalimia kwa mbali kama mtu anayepishana na mchumba wa zamani. Akiba ilikuwa mfukoni. Swali lake lilikuwa jipya.

"Badala ya moja kali," aliuliza, "unaweza kunipa mbili za kawaida? Lile Jiko libaki, na jingine la huyu, aende nalo. Lori lake liwe kule na langu liwe huku."

Skrubu akatoa skrubu mdomoni, kitu ambacho hakikuwahi kushuhudiwa. Akashusha kutoka rafu ya juu kikompyuta kimoja kidogo, cha ofisini, kilichotumika. "Hiki," alisema. "Nakiwekea kadi fupi, ile isiyohitaji waya wake wa umeme. Akiba yako inatosha hiyo, na intaneti ya kule kwa muda. Tatizo ni kumbukumbu. Hakina ya kutosha, na za aina hii sasa hivi sina." Akawatazama. "Ila Jiko lina vibao viwili, na ni aina hii hii. Kimoja kitoke kule kiende kwa mwenzake."

"Litaweza na kimoja?"

"Vitaweza vyote, kwa shida. Mvua msahau. Ukungu msahau. Picha mtaweka za chini kabisa, miti itakuwa vijiti na milima itakuwa maboksi. Msitegemee uzuri."

Fundi akamgeukia Dereva. Dereva akasema, "Huyu hata miti ikiwa na majani haioni njia."

Ikawa ndivyo. Fundi alikishonea kile kikompyuta koti la sponji kwa ajili ya safari, akakivisha kitambaa cha mistari kilichobaki, upande wa feni akauacha wazi. Somo lilikuwa limemwingia. Asubuhi ya kuondoka, gari la zahanati lilipiga honi barabarani, Dereva akambusu mama yake, akashika mkono wa mume wake akauacha, akaushika tena. Gari likaenda. Fundi alirudi karakana akachukua mkasi. Akauweka chini. Akauchukua tena, kwa sababu kochi lile alilolichana mwenyewe lilikuwa la mtu.

Siku zikapita bila mchezo. Kwanza kule umeme ulikuwa na matengenezo, halafu intaneti haijaunganishwa, halafu mama fulani akajifungua pacha jioni ile ile waliyopanga. Fundi alikuwa anafungua mchezo, analitazama lori lake limeegeshwa peke yake kwenye yadi, anafunga. Mama mkwe alikuwa bado yupo. Jicho la pili lilikuwa limeshafanyiwa na bandeji zote zimetoka, na alizunguka nyumbani akitoa kasoro za usafi ambazo kabla hakuziona. Lile jambo la jiko hakulitaja tena, ila alikuwa anamtengea mkwe wake kipande kikubwa cha nyama.

Hatimaye jioni moja mama alipita mlangoni mwa chumba, akamkuta fundi amekaa upande wa kijani, amevaa visikilizio, anashika usukani wa mchezo kwa mikono miwili.

"Ndilo hili?" aliuliza. "Hilo Jiko?"

"Ndilo, mama. Karibu ukae."

Mama akatazama kiti, akakaa upande wa mistari, kwenye ncha, kwa heshima. Skrini haikugawanywa tena. Ilikuwa na barabara moja ya kijivu, na pembeni milima ya maboksi kama Skrubu alivyoapa, na vijiti ambavyo zamani vilikuwa miti. Hakukuwa na kivuli popote. Lori lilikuwa linaenda kwa kusitasita, na fundi, kama ilivyo ada yake, alikuwa ameshaipita njia panda.

"Uko wapi, Utingo?" Sauti ilikuja masikioni mwake na mikwaruzo, imechelewa kidogo.

"Sijui. Kuna daraja."

"Daraja? Hatukutakiwa kupita daraja. Geuza. Rudi mpaka kwenye kibao, kata kulia."

Akageuza, akabomoa uzio wa watu, akarudi, akakata kulia. Mama mkwe aliushika mkono wa kiti. Barabara ikapanda, ikapinda, na kule juu, kwenye upande wa boksi kubwa la mlima, palikuwa na kitu kidogo cheusi kimesimama pembeni ya njia. Nyuma yake zikawaka taa mbili nyekundu. Zikazima. Zikawaka. Zikazima.

Mama alisogea mbele na macho yake mapya.

"Yule ndiye yeye?"

"Ndiye, mama."

"Mbona haendi?"

Fundi aliuelekeza usukani kwenye zile taa.

"Anatusubiri," alisema, akakanyaga mafuta.